Upana wa Chumba cha Bwana Jasim

Vijana wangu wa karakana, nimestaafu wiki tatu tu zilizopita na tayari nimeshatengeneza kila kiti kilichokuwa kimelegea hapa nyumbani Al-Mahjar, Jidda, pamoja na viwili ambavyo havikuwa vimelegea. Mke wangu ndiye aliyeniletea kalamu na daftari. Akaniambia, "Salum, waandikie wenzio mambo ya kazi, uniachie viti vyangu."

Basi nawaandikia. Vyeo nitavipita, maana cheo changu cha mwisho kilikuwa kirefu kuliko kazi yenyewe na sikuwahi kukishika kichwani. Nitawaeleza nilivyoanza, kidogo tu, halafu nitawaeleza ile kazi ya ukumbi wa Kuwait. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kwa nini kila mwaka nilikuwa nawapigia kelele "zungusha kwanza", na kwa nini siku moja nilirudi Jidda kwa likizo huku nikicheka peke yangu ndani ya ndege hata jirani yangu akabadilisha kiti.

Wazazi wangu walitoka Unguja baada ya mapinduzi, wakashuka Jidda na masanduku mawili na cherehani. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo Unguja naijua kwa kusimuliwa, na msimuliaji ni mama yangu, Bi Zuwena, ambaye baba yake alikuwa na uwanja wa kuuzia miti ya mikoko kule Funguni. Nikiwa mdogo nilidhani kila mtoto duniani huimbishwa majina ya miti kabla ya kulala. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kuanzia mwembamba mpaka mnene. Niliimba bila ya kuwahi kuuona hata mmoja.

Kazi nilianza mtaa wa Kandara, hapo hapo Jidda, nyuma ya kituo cha zamani cha mabasi, kwa fundi mmoja Mhadhrami tuliyemwita Ami Saleh. Siku ya kwanza sikupewa msumeno wala nyundo. Alinipa ubao mmoja, akasema, "Zungusha kwanza," akaenda zake. Adhuhuri akarudi kuniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona ubao. Akaniambia nirudi nikautazame tena. Alasiri nikamwambia kuna msumari umevunjika na kuzama ndani, upande wa chini. Akatabasamu mara ya kwanza siku ile. "Ungeupitishia msumeno wangu hapo," akasema, "na mimi ningekupitisha wewe mlangoni."

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote, mengine ni mazoezi. Mti uliowahi kutumika una habari zake pande zote nne na kwenye ncha zote mbili. Ukiukata kabla ya kuusoma, umechoma barua. Miaka kumi na mbili nilikaa na Ami Saleh tukitengeneza roshani za nyumba za kale za Jidda, na kila kipande tulikigeuza, tukakitia namba, tukakilaza pahala pake. Tezo yake ninayo mpaka leo. Randa yake nilimpa mwenzenu Baraka, na akiipoteza nitatoka kwenye kustaafu nimfuate.

Alipofariki Ami Saleh nikahamia Riyadh, kwenye kampuni yetu hii ya kujenga maonyesho. Mwanzoni nilidharau sana. Nguzo za sponji zilizopakwa rangi ya jiwe! Kuta za jasi unazozitoboa kwa kidole! Lakini jamani, kazi ilinoga. Nimejenga soko, nimejenga bandari, nimejenga hata jangwa ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi, hapo Riyadh, na mchanga tuliagiza kwa lori kutoka umbali wa dakika ishirini.

Sasa, Kuwait.

Maonyesho yenyewe yalikuwa hapo Riyadh, ya nchi jirani, kila nchi ukumbi wake, ijieleze kwa Wasaudia imetoka wapi na inajiona nani. Wakuwaiti walitaka katikati ya ukumbi wao kiwepo chumba cha kale cha kupokelea wageni, kile wanachokiita diwaniya, mahali wanaume wanakaa kwa kuelekeana, wananywa kahawa na kubishana mambo yote ya nchi. Mkuwaiti atakwambia kwamba nchi yake ilizaliwa humo, si kwenye kisima cha mafuta. Na chumba hicho hawakutaka kiezekwe kwa sponji. Walikuwa na miti ya kweli.

Miti ililetwa kwa lori kutoka Kuwait, thelathini kamili, na nyuma ya lori ikaja gari ndogo iliyombeba mwenye miti. Huyo ndiye Bwana Jasim, mzee wa miaka themanini na kitu, anashikwa mkono na binti yake, macho yamebaki kuona mwanga tu. Hakutaka kiti wala maji. Aliomba apelekwe kwenye miti, akaipapasa mmoja mmoja mpaka wa thelathini, sisi tumesimama kama tupo msikitini.

Kisha akatuhadithia. Baba yake alikuwa baharia kabla ya mafuta, kwenye vyombo vilivyokwenda pwani ya Afrika na tende vikarudi na miti. Miti hii aliileta mwenyewe, akaezekea chumba chake mwenyewe. Mafuta yalipokuja, mji mzima ukavunjwa ujengwe upya, na majirani wakafurahi kupata nyumba za zege. Baba yake naye alifurahi, ila alipanda juu kabla nyumba haijavunjwa, akaiteremsha miti yote, akailaza uani kwenye nyumba mpya.

"Hata jeshi la jirani lilipoingia kwetu mwaka wa tisini," Bwana Jasim akasema, "nyumba iliporwa mpaka vitasa. Miti hakuna aliyeigusa. Waliona kuni tu."

Mimi nikacheka, naye akacheka. Halafu akageuza uso upande ilikotoka sauti yangu.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, ami."

"Alhamisi nitakuja kukaa. Siwezi kukiona chumba, lakini nikikaa nitajua kama ni chenyewe. Kama sicho, nitachukua miti yangu nirudi nayo. Sitaki nife nimekaa kwenye chumba cha uongo cha baba yangu."

Nikamwambia inshallah, kwa sauti kubwa ya mtu anayejiamini. Ilikuwa Jumapili.

Mchoro alikuwa ameuchora Muhandisa Rim, binti wa Riyadh, mwerevu, mchangamfu, anaongea kwa mikono yote miwili. Chumba alikipa upana wa mita tano ili wanafunzi waingie darasa zima, na ukutani picha kubwa ya kisima cha mafuta. Miti ilikuwa mita tatu na kidogo tu, kwa hiyo mchoro ulisema ncha zikatwe ziwe sawa, kisha miti iungwe miwili miwili. Bosi alishatia sahihi. Nchi ndogo ikijieleza mbele ya jirani mkubwa hutaka kuonekana pana, nadhani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu.

Jumatatu asubuhi nikauweka mti wa kwanza kwenye meza, Baraka akashika upande mmoja, nikaukata ncha kiasi cha shibiri. Mimi, mwanafunzi wa Ami Saleh, sikuuzungusha. Ncha ilikuwa nyeupenyeupe na chafu, nikaiona ni mbovu, nikapitisha msumeno.

Baraka akaokota kile kipande, akakipangusa. "Fundi, mbona huku kweupe na mti wote mweusi?"

Nikakitazama. Nikautazama mti. Upande wa pili nako kulikuwa na weupe wa shibiri moja, umekoma ghafla, kama mtu aliyechovya vidole kwenye unga. Ule haukuwa ubovu. Ile ilikuwa chokaa. Shibiri moja huku na shibiri moja kule zilikuwa zimezama ukutani miaka yote ile, hazikuona hewa. Katikati palipokuwa wazi, juu ya vichwa vya watu, ndipo palipokula moshi wa kahawa na ubani mpaka pakawa peusi. Kutoka weupe mpaka weupe, mti ulikuwa unaniambia upana wa chumba chenyewe, na mimi nilikuwa nimeshaukata ulimi.

"Izungushe yote," nikamwambia Baraka. "Yote! Usiguse msumeno!"

Tuliipima miti ishirini na tisa iliyobaki. Mita mbili na sentimita sitini. Mita mbili na sentimita sitini. Kila mti, pungufu au zaidi kwa kidole kimoja. Nilikuwa napiga kelele namba hiyo kama mtu anayenadi samaki. Miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuona chumba kizima kikiwa kimelazwa sakafuni namna ile, kinangoja kusimamishwa tu.

Lakini mita mbili na sitini ni nyembamba. Nikaingiwa na wasiwasi. Baharia aliyejenga chumba cha kupokelea wageni angekubalije kubanwa hivyo? Nikampigia mama kwa simu ya picha, yuko Jidda, ndiyo kwanza anakunywa chai. Nikamwonyesha miti.

"Uwii, boriti hizo!" akasema. "Umezipata wapi? Hebu sogeza. Ule wa mwisho si boriti, ule ni wa mazio, nani kauchanganya?"

"Mama, chumba cha mita mbili na nusu, mtu anakijenga kwa hiari?"

"Hiari gani, mwanangu? Boriti ndivyo ilivyo. Mkoko ukiuacha urefuke zaidi ya hapo hupinda, na mkataji anautoa topeni begani, si kwa winchi yenu hiyo. Chumba chetu Funguni kilikuwa hivyo hivyo. Vyumba vya mji mzima vilikuwa hivyo, virefu na vyembamba. Unadhani kwa nini? Unakiongeza urefu upendavyo, boriti baada ya boriti. Upana unapewa."

Nikakaa chini juu ya miti. Jamani, fikirini. Watu wa Kuwait hawana msitu. Kila chumba walichokaa wakaamua mambo yao, wakaoza binti zao, wakazozana na mtawala wao, upana wake ulikatwa na mtu aliyezama magotini kwenye tope la pwani yetu. Mafuta ndiyo yaliyowaletea chuma, na chuma ndicho kilicholeta vyumba vipana. Na mama yangu alizaliwa kwenye chumba cha kipimo kile kile. Nilitaka kumkumbatia mtu, na aliyekuwa karibu ni Baraka, akakubali kwa shida.

Kisha ikabidi niende ofisini.

Bosi alinisikiliza akiwa amesimama. "Salum, mchoro umepitishwa. Mbao za kuta zimeshakatwa. Mzee mwenyewe haoni, atajuaje?"

"Amesema atajua."

"Watu husema. Halas, yamekwisha, kateni."

"Bosi, miti hii ikikatwa hairudi ilivyokuwa," nikasema. "Nimeshakata mmoja na sijui nitamtazamaje mwenyewe."

Muhandisa Rim alikuwa humo humo ofisini. Nilimtegemea akasirike, maana nilikuwa nachana mchoro wake mbele ya mkubwa wake. Akachukua futi yake, akatoka. Tukamfuata karakana. Alipiga magoti na abaya yake kwenye unga wa mbao akapima mti wa kwanza, wa pili, wa saba, wa kumi na tisa. Alipofika wa ishirini akainuka, mashavu yamemwiva.

"Ami Salum, mimi nimechora chumba cha baada ya mafuta nikakiezeka kwa dari la kabla ya mafuta!"

"Ndiyo, binti yangu."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Nilikuwa sijazungusha."

Akachukua penseli yangu nyekundu akaanza kuchora palepale kwenye ubao wa jasi, anachora anasema, anasema anachora. Chumba chembamba, kirefu, milango miwili, mmoja kila mwisho. Picha ya kisima ihamie nje ya chumba, ukumbini, huko kwenye dari la chuma ndiko kwenye haki yake. Bosi akauliza wanafunzi arobaini watapitaje humo.

"Wawili wawili," akasema Rim. "Walivyokuwa wakipita wenyewe wa kale. Watoke wamekielewa."

Bosi alitazama ule ubao kwa muda, akatazama miti, akatazama saa. "Yalla," akasema, "lakini Alhamisi ni Alhamisi."

Siku tatu zile nawaambia sijawahi kufanya kazi kwa raha kama ile, na miguu ikiniuma vile. Kuta tulizisogeza, timazi ikashuka, boriti zikapanda moja moja kila ncha nyeupe ikiingia ukutani mpaka pale weupe unapokoma. Baraka alikuwa akiangalia tu akisema, "Imemezwa, fundi. Na hii imemezwa." Kile kipande nilichokikata nilikirudisha kwa vigingi viwili vya mti mgumu na gundi, nikauweka mti huo uwe wa tatu kutoka mlangoni. Kiungo kilizama ndani ya ukuta. Hakuna ambaye angekiona, na Bosi akaniambia nisikitaje.

Alhamisi asubuhi Bwana Jasim akaja na binti yake. Rim alikuwa ameandaa mikeka, mito, dele la kahawa na vikombe, na mikono yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa imetulia. Kabla mzee hajavuka kizingiti nikamsimamisha.

"Ami, kuna jambo. Mti wa tatu kutoka hapa niliukata shibiri kwa makosa yangu, kabla sijausoma. Nimeuunga. Hauonekani, lakini umeungwa."

Bosi akageuka upande mwingine.

"Baba yangu aliiteremsha yote thelathini bila kuvunja hata mmoja," Bwana Jasim akasema. Kisha akauachia mkono wa binti yake, akaingia peke yake.

Hakupapasa kuta. Alikwenda hatua nne, akageuka kushoto, akashuka taratibu mpaka akakaa, mgongo ukutani, miguu ameikunja. Akanusa. Sisi mlangoni hakuna aliyethubutu kuingia. Akaomba kahawa, binti yake akammiminia kikombe akamshikisha mkononi. Hakukinywa.

"Fundi," akaita. "Kaa kule mbele yangu. Mgongo uguse ukuta."

Nikaingia, nikakaa ng'ambo, nikaukunja mguu wangu mbovu. Yeye akainama mbele, mkono ameunyoosha na kikombe kwenye ncha za vidole, kinaning'inia hewani katikati ya chumba, na macho yake hayaoni chochote. Nikaelewa: kwa upana wenyewe, kikombe huvuka bila ya mtu kunyanyuka. Nikainama na mimi, nikanyoosha mkono. Kwa kitambo kidogo nilidhani mikono haitofika, na mwili wangu wote ulikuwa unaomba. Vidole vyangu vikagusa vyake, kikombe kikaingia mkononi mwangu, hakikumwagika hata tone.

"Hapo," akasema Bwana Jasim, bado mkono wake uko hewani. "Hapo alikuwa anakaa baba." Akalia, binti yake akalia, na mimi nililia kahawa ikiwa mkononi. Rim naye huko mlangoni alikuwa akipiga makofi na kujifuta uso kwa wakati mmoja. Miti ilibaki. Mzee alikaa mpaka adhuhuri akatutaka tuingie wawili wawili, akatupa kila mmoja kahawa kwa mkono wake, hata Bosi.

Kuna wenzangu wanaodhani nimemaliza kazi bila ya kuwahi kufika kwetu Unguja. Wanakosea, ila kuwaeleza ni kazi.

Jioni ile nilimpigia mama simu. Nikamweleza yote, chokaa, mchoro, mti wa tatu, mpaka pale nilipokaa mbele ya mzee. Alisikiliza bila ya kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Akakupa kikombe?" akauliza.

"Akanipa."

"Yeye kakaa na wewe umekaa?"

"Tumekaa wote wawili, mama. Kila mtu na ukuta wake."

"Hukunyanyuka?"

"Sikunyanyuka."

"Basi ni chumba chetu hicho," mama akasema. "Ndivyo alivyokuwa akinipa kikombe babaangu."